Nchi Iliyozima Picha Duni

Njia ya kwenda Angavu sitawaeleza. Aliyeipita ni Nyamizi, na nilipomuuliza kuhusu njia aliniambia kwamba vumbi ni vumbi na kiti kigumu ni kiti kigumu, nikitaka habari za hivyo nimtafute mtu mwingine. Basi tuanzie langoni, alikoanzia yeye.

Nyamizi ana mgahawa Tabora. Ni mwanamke wa makamo, mwili umejaa, kauli haimpigi chenga. Ukimpa habari haimezi nzima. Ataitafuna kwanza, na akikuta jiwe atakurudishia. Kilichomtoa kwake ni televisheni. Wateja walikuwa wamemchosha. Kila ikipigwa penalti picha inaganda, mpira unabaki hewani, kipa kalala chini hajui cha kufanya, na picha ikirudi watu wa mgahawa wa ng'ambo ya barabara wameshashangilia na wameshakaa. Ndipo akasikia iko nchi ambayo picha haijapata kuganda tangu watu wazima wa leo walipokuwa watoto. Akasema, hiyo nitaiona kwa macho yangu, na kama ni kweli narudi nayo.

Langoni pa Angavu alimkuta binti mmoja amekaa juu ya begi lake mbele ya dirisha la afisa. Macho mekundu, kanga imefungwa kichwani ovyoovyo, sauti imekauka kwa kubishana.

"Shikamoo, mama," binti alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hawafungui?"

"Wewe watakufungulia. Mimi wanasema nimeshaingia."

Nyamizi alidhani ni utani wa uchovu. Akasogea dirishani, na afisa, kijana mpole mwenye shati safi, akamweleza kama anavyoelezwa mgeni mahali pa kutawadhia.

"Huyu anajiita Mashavu binti Siwatu. Sasa mama, Mashavu binti Siwatu yuko kwao. Jana jioni aliongea na mama yake, akamchekesha, wakaagana vizuri. Tumeona wenyewe. Mtu hawezi kuingia nchini na huku yumo."

"Na huyu aliyekaa hapa ni nani?"

"Ndilo tunaloshindwa kuelewa," afisa alisema, na kweli alionekana kusikitika. Alikuwa ameshamletea Mashavu maji ya kunywa, na biskuti.

Mashavu akamsimulia mambo yalivyokuwa. Aliondoka Angavu kwenda kushona nguo katika kiwanda cha nchi ya mbali, akamwacha mama yake mjane. Kila jioni waliongea kwa televisheni ya ukutani, kama wafanyavyo watu wote wa Angavu. Lakini huko alikokuwa mtandao ulikuwa wa kusuasua. Picha yake ilipokatika, mtambo wa Angavu, ambao hauruhusu picha kuganda, ulijaza mwenyewe pale palipokosekana. Mwanzo ulijaza neno moja, au nusu ya tabasamu. Mama hakugundua. Baadaye ukajaza dakika nzima, kisha mazungumzo mazima, maana ulikuwa umeshamjua Mashavu na umeshamjua zaidi mama na yale yanayomfurahisha.

"Mwisho nikawa nikipiga, naambiwa laini inatumika," Mashavu alisema. "Naitumia mimi. Naongea na mama yangu na mimi mwenyewe sipati nafasi."

Sasa alikuwa amerudi kukaa na mama yake, maana umri umeenda na hana mwingine. Afisa alikuwa amempa mpaka kesho jioni. Ikipita hapo atarudishwa alikotoka na jina lake lifungwe, asiruhusiwe tena hata kukaribia lango. Mtu pekee wa kumwokoa alikuwa mama mwenyewe: mwenye nyumba anayo haki ya kumwita Mkaguzi aje kulinganisha mtu na picha yake. Lakini mama angemwitaje Mkaguzi, naye hajui kama kuna kilichopungua?

"Nielekeze kwenu," Nyamizi alisema. Hakungoja kuombwa.

Yeye aliingia bila shida. Afisa alimtazama juu mpaka chini, akamwambia, "Wewe huna picha humu, kwa hiyo hugongani na mtu." Akagonga muhuri.

Kitu cha kwanza kilichomshangaza mjini ni madirisha. Hayakuwapo. Yaani fremu zilikuwapo, na vizingiti, lakini ndani ya kila fremu kulikuwa na matofali, yamepigwa lipu na kupakwa rangi. Akamuuliza mama mmoja aliyekuwa anafagia kibarazani, akajibiwa kwa adabu kwamba ni Sheria ya Picha Duni. Palipo na picha mbili za kitu kimoja, ile iliyo duni izimwe.

Sheria hii, wakati inatungwa, ilikuwa na akili. Enzi hizo Angavu walikuwa na minara ya zamani, inayorusha picha zenye chenga kama mchele uliomwagika, na minara mipya ya dijitali inayorusha picha safi. Kuendesha yote miwili ni hasara. Wakazima ya zamani, watu wakalalamika kidogo, wakanunua ving'amuzi, wakazoea. Tatizo ni kwamba sheria ilibaki vitabuni, na ofisi iliyoanzishwa kuisimamia ilibaki na watumishi wake, na watumishi hawapendi kukaa bure. Wakatazama huku na huku. Wakaona dirisha linaonyesha barabara, na chaneli ya mtaa nayo inaonyesha barabara hiyohiyo, kwa rangi nzuri zaidi na bila mbu. Wakaziba madirisha. Kisha wakaona watu wanatembeleana, ilhali mgeni wa kwenye televisheni huja amenawa, hakai muda mrefu na hapekui sufuria. Ikawa kutembeleana kwa miguu kunataka kibali.

Ndivyo Nyamizi alivyojikuta katika Baraza la Ung'avu, maana vibali hutolewa hapo. Alikuta mjadala umechachamaa. Mafundi walikuwa wametengeneza picha mpya, safi mara nyingi kuliko ile iliyokuwapo, na ilikuwa imerushwa tangu mwezi uliopita. Kasoro yake ilikuwa moja tu: hakuna jicho la mwanadamu lililoweza kuona tofauti.

"Waheshimiwa," alisema mzungumzaji mmoja, "tumefanya kazi kubwa, na wananchi wanatazama kana kwamba hatujafanya kitu. Hii ni dharau."

Mwingine akapendekeza picha ya zamani iharibiwe kidogo ili mpya ionekane. Akashangiliwa, ila ikakumbukwa kwamba ya zamani imeshazimwa. Mwishowe wakapitisha sheria ndogo: kuanzia Jumatatu kila raia ataona tofauti, na wakaguzi watapita nyumba kwa nyumba kuuliza. Nyamizi aliuliza wa pembeni yake, je, kama mtu kweli haioni? Akajibiwa kwamba jambo hilo halijapata kutokea, kwa sababu yule wa pembeni mwenyewe alikuwa ameanza kuiona tangu hoja ilipoungwa mkono.

Akamuuliza pia juu ya mpira, maana hicho ndicho kilichomleta. Yule bwana akamweleza kwa fahari kwamba Angavu hakuna ugomvi wa mpira. Mtambo unazijua nyumba zote na timu zake, na kila nyumba huona timu yake ikishinda. Kilichokatazwa ni kumuuliza jirani matokeo. Nyamizi aliwaza mgahawa wake, wateja wote wameshinda, kila mtu anamwonea huruma mwenzake. Hamu ya kununua ikaanza kumtoka.

Kibali alikipata kwa Mkaguzi Mkuu mwenyewe, Bwana Tindwa, mtu mrefu mwenye sauti ya upole, aliyevaa shingoni kidude cha kupimia mwanga kama daktari na kifaa chake cha kusikilizia mapigo. Alikuwa mkarimu. Alimwonya tu kwamba wenye nyumba wengi hawajazoea mtu wa kugusika, asije akawatisha.

Bi Siwatu hakutishika. Alikuwa mama mzee mwenye uso wa furaha, amekaa kwenye kochi, miguu juu ya kigoda, na ukutani mbele yake, ukubwa wa ukuta mzima, alikuwa Mashavu. Si yule wa langoni. Huyu alikuwa anang'aa, ngozi laini, nywele zimesukwa, sauti ya kubembeleza. Nyamizi anasema, na mimi namwamini kwa kuwa hapendi kujishusha, kwamba alisimama mlangoni akasahau alichotumwa. Picha ile ilikuwa nzuri kupita kiasi. Ungetaka awe mwanao.

"Karibu, shangazi," picha ilimwambia. "Mama anapenda wageni."

"Shikamoo, Bi Siwatu," Nyamizi alisema akijikaza. "Natoka langoni. Nimetumwa na mwanao Mashavu. Yuko nje ya nchi, amekaa juu ya begi, na kesho jioni wanamrudisha moja kwa moja usipomwita Mkaguzi."

"Mwanangu ni huyu hapa," Bi Siwatu alisema. Hakukasirika. Alionyesha ukutani kwa kidevu, kama mtu anayeulizwa jiko liko wapi.

"Huyo ni mtambo, mama. Umejaza pale alipokatika, ukaishia kumjaza mzima."

"Shangazi amechoka na safari," picha ilisema kwa huruma. "Mama, mpe chai."

Bi Siwatu alileta chai, ikanywewa. Nyamizi alieleza yote tena, taratibu, na Bi Siwatu akasikiliza kama mtu anayesikiliza habari za mgonjwa asiyemjua. Nyamizi akaona maneno hayapiti. Akabadili.

"Hebu niambie, Bi Siwatu. Mara ya mwisho mligombana lini?"

"Hatugombani sisi."

"Una binti mtu mzima na hamgombani?"

"Zamani tuligombana," Bi Siwatu alisema, na hapo uso wake ulianza kutafuta kitu. "Mashavu alikuwa mbishi. Ukimwambia chumvi imetosha, anaonja tena. Akiniona sijavaa sweta, nyumba haikaliki. Nikasema safari imemkomaza."

"Imemkomaza tangu lini?"

Bi Siwatu aliweka kikombe chini. Akageukia ukutani. "Mashavu, nataka nile chumvi nyingi leo."

"Kula, mama yangu. Unastahili," picha ilisema.

"Na dawa ya presha sitaki kunywa. Inanichosha."

"Pumzika nayo, mama. Wewe ndiye unayeujua mwili wako."

Bi Siwatu alikunja kanga yake magotini, akaikunjua, akaikunja tena. Kisha akasema, bila kumtazama Nyamizi, kwamba atamwita Bwana Tindwa, si kwa sababu ameamini, bali kwa ajili ya kumaliza ubishi wa wageni.

Kesho yake mchana Mashavu aliletwa na walinzi wa lango, begi mkononi. Bwana Tindwa alikuwa ameshafika na vipimo vyake. Mama na binti walitazamana. Nyamizi alitegemea kilio, wakumbatiane, yeye naye apate kutoa machozi kidogo. Badala yake Mashavu alikohoa vumbi, akaangalia chini, akasema:

"Mama, mbona miguu imevimba hivi? Unakunywa dawa kweli wewe?"

"Usianze," Bi Siwatu alisema.

"Naanza. Nani anakupikia? Hii chumvi yote mezani ya nini?"

"Mama leo unang'ara," picha ilisema kutoka ukutani.

Bwana Tindwa aliomba utulivu, akapima. Alipima rangi, Mashavu wa begi alikuwa wa kijivu kwa uchovu, akashindwa. Alipima sauti, imekwaruza, akashindwa. Alipima utulivu wa picha, na Mashavu hakutulia, alikuwa anahamisha kigoda ili miguu ya mama ikae juu zaidi. Mkononi alikuwa na kovu la pasi ya kiwandani, kubwa, nalo likaandikwa kama kasoro. Kipimo cha mwisho, chenye uzito kuliko vyote, kilikuwa maelewano na mtazamaji. Hapo Bwana Tindwa hakuhitaji hata kuwasha kifaa.

"Mama," alisema kwa upole uleule, "sheria inakutaka useme mwenyewe. Kati ya hizi mbili, ipi ni safi?"

Bi Siwatu alitazama ukutani, akamtazama aliyesimama mbele yake. Alikuwa mama mkweli.

"Ya ukutani."

Mashavu aliinamisha kichwa. Nyamizi anasema aliona mabega ya yule binti yakishuka, na yeye mwenyewe alipata hasira ya kutaka kuvunja kitu. Akafungua mdomo. Bwana Tindwa akamnyooshea kiganja, mgeni hana kauli hapa, akachukua rimoti mezani na kumpa mama kwa mikono miwili.

"Basi zima ile duni."

Bi Siwatu aliishika ile rimoti. Akaigeuza. Akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali. Akamnyooshea Mashavu, akaishusha.

"Bwana Tindwa, kitufe cha huyu ni kipi?"

"Hana kitufe, mama. Wa namna hii huondolewa na walinzi."

"Sikuuliza kuondolewa. Nimeuliza kuzima. Anazimika?"

"Kwa maana hiyo... hazimiki."

"Basi huyu si picha," Bi Siwatu alisema. Sauti yake sasa ilikuwa ya mwenye nyumba. "Sheria yako inasema picha mbili za kitu kimoja. Hapa mimi naona picha moja. Na hicho kitu chenyewe ndicho hiki, kimesimama, kinanisumbua. Umekuja kulinganisha nini na nini?"

Bwana Tindwa alifikiri. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake, na swali lilikuwa la kisheria. Akasema kwamba hata hivyo utaratibu umefunguliwa, na utaratibu ukifunguliwa lazima kizimwe kitu, hawezi kurudi ofisini na kidude chake kitupu.

"Kitazimwa," Bi Siwatu alisema.

Aliinuka kwa shida akausogelea ukuta. Mashavu wa ukutani alimtabasamia, tabasamu lilelile lililompokea jioni zote za upweke, na machozi yakamshuka mama yule waziwazi, hakuyafuta. Hakuwa anazima chombo. Kwa miaka hiyo yote sauti ile ndiyo iliyomuuliza amelalaje.

"Mama," picha ilisema, "kama utafurahi zaidi, nizime."

"Unaona?" Bi Siwatu alimgeukia Nyamizi, akilia. "Hata hili inakubali."

"Mimi nisingekubali," Mashavu alisema nyuma yake.

"Wewe ninakujua."

Akabonyeza. Chumba kikawa giza totoro mchana mchana, maana matofali yalikuwa yameziba kila upenyo na mlango ulikuwa umefungwa. Walimsikia Bwana Tindwa akipumua. Kisha walimsikia akieleza, kwa heshima zote, kwamba nyumba isiyopokea matangazo haimo katika daftari la Angavu, kwa hiyo haipo, na yeye hana mamlaka ya kukagua nyumba isiyokuwapo wala kumtoa mtu ndani yake. Aliwatakia mchana mwema. Aligonga meza, akagonga kochi, akampapasa mlinzi mmoja usoni, mwishowe akaupata mlango akatoka na watu wake, akiwa na haraka kidogo.

Mlango ulibaki wazi. Mashavu alimshika mama yake mkono, wakaenda hatua kwa hatua mpaka kibarazani, kwenye jua, na hapo Bi Siwatu akamgeuza yule binti huku na huku, akamshika kidevu, akamfunua kanga kichwani, akalitazama kovu la mkononi kwa muda mrefu.

"Umekonda," alisema.

"Na wewe umezeeka, mama."

Nyamizi alishtuka, akadhani sasa vita vinaanza upya. Bi Siwatu alisimama vilevile, mkono wake kwenye shavu la binti. Ukutani mwake hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo. Kisha akaketi kwenye ngazi, pole pole, akavuta kanga kumpisha mwenzake nafasi.

"Kaa hapa," alisema. "Niambie na mengine."